Filta ya Mashine ya Boti

Nawasalimu mlioko Nungwi na Mkokotoni, mlioko Kilindoni, Kilwa Masoko, Bagamoyo na Tanga, na ndugu zetu wa Pemba kuanzia Wete mpaka Mkoani. Nawasalimu mnaoshona nyavu saa hizi huku redio imetundikwa msumarini, nanyi kina mama mnaosubiri vyombo virudi pwani.

Leo nimekuja na kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ni filta ya mafuta ya mashine ya boti. Najua wengine mtasema, huyu fundi hana habari nyingine? Nivumilieni. Mwisho wa mazungumzo haya nataka kila mwenye boti, kila nahodha na kila baharia awe na swali moja la kujiuliza anaposimama mbele ya kaunta ya duka la spea. Swali lenyewe ni hili: filta hii ikishindwa kazi, mimi nitakuwa wapi?

Nianze na safari moja. Ilikuwa majira ya kusi. Tulitoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, kwa boti ya faiba yenye mashine ya nguvu ya farasi 40. Mimi nilikuwa abiria tu siku ile. Tulipita mikoko ya delta ya Rufiji vizuri, maji yametulia kama ya kisimani. Tulipotoka nje, bahari ikaanza kutubeba na kutuachia. Mara mashine ikabadilisha sauti. Haikuzima pale pale. Sauti ilikuwa nyembamba kwanza, kama mtu anayeongea huku amebanwa kifua, halafu ikakohoa, ikashuka, ikanyamaza.

Nahodha akaminya ile pampu ya mpira ya mkononi, akavuta kamba, ikawaka. Dakika mbili, ikazima tena. Akaminya, ikawaka, ikazima. Wasikilizaji, mnaijua hali hiyo? Ndani ya boti hakuna anayezungumza. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto, akawa anamfunga kanga upya, anaifungua, anaifunga, mikono haina pa kukaa. Na chombo kisicho na mashine hakisimami kungoja. Mkondo wa bahari ya pwani yetu unakwenda kaskazini, na kusi likivuma unazidi kasi. Kwa hiyo kila dakika tuliyokaa tukiminya pampu, Kilindoni ilikuwa inasogea ubavuni mwetu.

Nikaomba ruhusa ya kuangalia. Nilipoifungua filta nikakuta karatasi yake imeachia pale kwenye kiungo, gundi imeyeyuka, na uchafu wote uliokuwa umekusanyika umepita moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Tukasafisha tundu za kabureta kwa petroli na uzi mmoja wa waya wa umeme, boti inayumba, abiria wananishikia tochi ya simu. Tulifika usiku. Nahodha akaniambia filta ile ilikuwa na wiki moja tu tangu inunuliwe, na kwenye kopo lake kuna jina la kampuni kubwa. Aliambiwa ni orijino, bei ya rafiki.

Kile kiganda cha filta nilikichukua, nikarudi nacho nyumbani. Baadaye nikakata filta mbili kwa msumeno wa chuma, nikazifungua juu ya meza: moja ya wakala anayejulikana, na moja ndugu wa ile iliyotusumbua, imetoka duka la aina hiyo hiyo. Kwa nje ukiziweka pamoja utasema mapacha. Rangi ile ile, maandishi yale yale. Lakini ndani!

Ya wakala ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, iliyobanana, imelingana kama marinda ya sare ya shule iliyopigwa pasi. Ukiikunjua karatasi hiyo yote inakuwa ndefu, ndefu kuliko unavyotegemea kwa kopo dogo kama lile. Na urefu huo ndio nguvu yake, maana uchafu unapata mahali pengi pa kukaa kabla filta haijaziba. Ile ya pili mikunjo yake ilikuwa michache, mipana, mingine imeegemea upande mmoja. Pale mwisho wa karatasi ulipokutana na mwanzo wake palikuwa na mstari wa gundi ulioruka sehemu, kama ukuta uliopakwa chokaa na mtu mwenye haraka.

Nikafanya jambo jingine dogo. Nikadondosha tone la maji juu ya kila karatasi. Kwenye ya kwanza, tone lilikaa duara, linang'aa, kama umande juu ya jani la mgimbi. Kwenye ya pili, tone likanyonywa na karatasi ikalowa kama ya kufungia karanga.

Sasa kwa nini jambo hilo ni kubwa? Kwa sababu adui wa kwanza wa mashine ya boti ni maji, mchanga unafuata. Filta nzuri ya boti ina kazi mbili. Inazuia uchafu, na inatenga maji na mafuta. Karatasi yake imepakwa dawa inayoyakataa maji. Vitone vidogo vinagonga karatasi, vinashindwa kupita, vinaungana, vinakuwa vizito, vinazama chini kwenye kikombe. Maji ni mazito kuliko petroli na ni mazito kuliko dizeli, ndiyo maana yanakaa chini. Wewe unafungua kikombe unayamwaga, basi. Karatasi isiyo na dawa hiyo inakunywa maji. Inavimba, inalegea, na siku moja inapasuka, na maji ya tangi zima yanaingia kwenye mashine kwa pamoja.

Na ule uchafu, ni uchafu wa ukubwa gani? Mafundi tunautaja kwa mikroni. Chukua milimita moja, igawe mara elfu. Kipande kimoja ndiyo mikroni moja. Unywele wa kichwani mwako unakaribia mikroni 70. Filta nyingi za boti zimetengenezwa kuzuia chembe za mikroni 10, yaani kitu ambacho jicho lako halikioni hata ukivaa miwani. Feki inaweza kuandikwa 10 kwenye kopo. Wino hauna kazi ya kuzuia chembe, ndugu zangu. Karatasi ndiyo inayozuia.

Hapa naomba nitenganishe jambo moja, maana watu wengi wanalichanganya na mimi sitaki kumwonea mtu. Dukani kuna filta za aina tatu. Iko ya kampuni iliyotengeneza mashine. Iko ya kampuni nyingine ya filta, yenye jina lake yenyewe, anwani yake, namba yake, inayosema wazi kwamba inafaa mashine fulani. Na iko feki, inayovaa jina la mwenzake. Hiyo ya pili si feki! Yako makampuni duniani kazi yao ni filta tu, na kazi yao ni safi. Kwa mfano Racor, kwa wenye mashine za dizeli: filta zao za ndani zina rangi, kahawia ni mikroni 2, bluu ni mikroni 10, nyekundu ni mikroni 30. Mtu akinunua ya namna hiyo kwa bei nafuu kuliko ya kampuni ya mashine, mimi simlaumu hata kidogo. Aliyeiuza ameweka jina lake juu ya kopo. Ikikosea, unajua wa kumuuliza.

Feki haina wa kuulizwa. Hilo ndilo linaloniuma. Aliyeitengeneza amechukua jina la mtu mwingine makusudi, ili siku mashine itakapozima lawama iende kwa mwenye jina, au kwa nahodha, au tuseme ni kazi ya Mungu. Kuigiza alama ya bidhaa ya mwingine ni kosa huku Bara tangu Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Jirani zetu wa Kenya nao walitunga sheria yao ya bidhaa bandia mwaka 2008. Kwa hiyo ukiuziwa feki una haki ya kurudi dukani na risiti yako. Je, risiti ulichukua?

Tuje kwenye mashine yenyewe, maana wengi wenu mnatumia zile za mipigo miwili, zile Yamaha Enduro zilizojaa pwani nzima. Nataka hapa mnisikilize kwa makini. Mashine hiyo haina oili yake pembeni. Oili unaichanganya na petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli mashine ikishazoea kazi. Maana yake nini? Maana yake kila tone la petroli linalofika ndani ndilo linalobeba na kilainisho cha pistoni. Filta ikiziba nusu, petroli inapungua. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Mashine bado inazunguka kwa kasi, lakini inazunguka kavu na joto linapanda. Ile sauti nyembamba niliyowaambia ndiyo hiyo. Nahodha asiyeijua anaongeza moto, anadhani mashine inataka kusukumwa. Baada ya muda pistoni inang'ang'ania ukutani na mashine imenoki. Hapo bei ya filta umeshaisahau, unahesabu bei ya pistoni, ringi, kuchonga silinda, na wiki ngapi chombo kitakaa juu ya mchanga.

Wa dizeli nanyi hamjasalimika. Pampu yenu na nozeli zimechongwa kwa nafasi ndogo mno, na dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha. Maji yakifika huko, kutu inaanza usiku mmoja mashine ikiwa imelala.

Sasa naona mtu ananiuliza: fundi, basi nikinunua orijino nimemaliza? Hapana! Na hapa nitasema jambo ambalo wauza filta hawatalipenda. Filta orijino iliyokaa miezi kumi ndani ya boti inayofanya kazi kila siku ni hatari sawa na feki. Vitabu vya mashine nyingi vinataka filta iangaliwe au ibadilishwe kila saa 100 za kazi. Hebu tuhesabu pamoja. Mvuvi wa dagaa anatoka siku za giza, tuseme usiku 20 kwa mwezi, na kila usiku mashine inafanya kazi saa 4 kwenda na kurudi. Hizo ni saa 80. Kwa hiyo wiki tano na siku chache, saa 100 zimetimia. Wangapi kati yenu mnabadilisha filta kila wiki tano? Wengi tunangoja mpaka izibe. Na ikiziba tunaipuliza kwa mdomo, au tunaipeleka kwa mtu wa pancha aipige upepo wa kompresa. Upepo ule unapanua vitundu vya karatasi, wakati mwingine unaichana ndani kwa ndani. Unairudisha, mashine inapata nguvu, unafurahi. Inapata nguvu kwa sababu hakuna kinachochujwa tena.

Kuna jambo jingine la mafundi wenzangu, na nalisema kwa upendo. Ukifunga filta mpya ya kopo kwenye dizeli, usiijaze mafuta ya dumu kupitia lile tundu kubwa la katikati. Tundu hilo ni la kutokea. Mafuta yanaingia kwa vitundu vidogo vya pembeni, yanapita kwenye karatasi, yanatoka katikati kwenda kwenye pampu. Ukimimina katikati umeyapeleka machafu upande wa masafi, na umeifanya filta orijino ya bei kubwa kuwa kazi bure.

Halafu kile kifilta cha plastiki cha bodaboda. Nimekiona kwenye boti nyingi, kinang'aa, bei yake ndogo, kinafungwa katikati ya mpira wa mafuta. Bodaboda inakunywa kidogo kidogo siku nzima. Mashine ya farasi 40 ukiifungulia yote inaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa saa moja. Kile kitundu kitapitisha wapi mafuta hayo? Unaifunga koo mashine yako mwenyewe.

Na mafuta yenyewe yanatoka wapi? Tuseme ukweli. Wengi wetu tunanunua kwa dumu. Dumu limekaa juani, limewahi kubeba maji, mfuniko wake ni kipande cha nailoni. Usiku hewa ya bahari ina unyevu, tangi likiwa nusu hewa hiyo inatoa jasho ukutani na jasho linateremka chini. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulia, kwenye mafuta huku Bara ili kuwabana wanaochanganya mafuta ya taa, lakini kinasaba hakizuii maji kuingia kwenye dumu lako. Mimina kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, jaza tangi jioni badala ya kulilaza nusu, na acha kile kidogo cha chini ya dumu kibaki pale pale. Ukifanya hivyo filta yako itaishi. Usipofanya, hata ununue filta ya dhahabu.

Basi dukani unaangalia nini? Usiangalie rangi, rangi inaigizwa. Ipime kwa mkono kwanza, feki mara nyingi ni nyepesi. Pitisha kidole kwenye nyuzi za kufungia, zisiwe na ncha za chuma wala vumbi la chuma, maana vumbi hilo ndilo la kwanza kuingia ndani ya mashine yako. Bonyeza mpira wake: uwe laini, umekaa sawasawa kwenye mfereji wake, usiwe umepinda. Chungulia tundu la katikati kwa tochi uone karatasi imekaa vipi. Soma namba, uilinganishe na ile iliyo kwenye kitabu cha mashine au kwenye filta ya zamani, herufi kwa herufi. Na bei: ukiambiwa orijino kwa theluthi ya bei ya wakala, muuzaji ameshakujibu kabla hujamuuliza. Ukimaliza kuifunga, boksi lichane, kopo la zamani litoboe kwa msumari. Maboksi mazima yanaokotwa, yanajazwa feki, yanarudi dukani.

Sasa nimefika penye mzizi. Kwa nini nahodha mwenye akili zake, anayeijua bahari kuliko mimi, anarudi na feki? Ni kwa sababu pesa haitoki mfukoni mwake, na aliyeitoa hayumo botini. Tajiri wa boti yuko nyumbani. Anampa kijana noti, anamwambia tafuta ya rahisi ubaki na nauli. Kijana atafanyaje? Ikishindwa, tajiri atapoteza mashine. Kijana atapoteza zaidi. Ndiyo nasema lile swali wasijiulize mabaharia peke yao. Tajiri, nawe jiulize: filta hii ikishindwa kazi, vijana wangu watakuwa wapi? Je, watakuwa kwenye mkondo wa Nungwi, au katikati ya Tanga na Pemba, usiku, na simu hazishiki?

Nina pendekezo, na nimeliona likifanya kazi. Mnajua mgao wetu ulivyo: samaki wakiuzwa, mnatoa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kinachobaki ndicho mnachogawana tajiri na mabaharia. Iingizeni filta kwenye gharama hizo. Tengeni kidogo kila mgao, pesa iwekwe na mtu mmoja anayeaminika, na saa 100 zikitimia filta inunuliwe bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapo haiwi tena pesa ya tajiri wala ya nahodha. Ni pesa ya chombo. Na mkinunua, nunueni mbili. Moja inafungwa, moja inakaa botini, ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana iliyofungwa isiingie chumvi, pamoja na spana yake.

Pale Kilindoni, asubuhi baada ya safari ile, nilikutana na nahodha mmoja mzee. Nikamwona anafungua kikombe cha filta yake, anamwaga kilichomo kwenye chupa ya kioo ya jemu, anaishika juu kuelekea jua linalochomoza. Nikamwamkia, shikamoo mzee, unaangalia nini? Akaitikia, marahaba, akanisogezea chupa. Juu petroli ya rangi yake, safi. Chini kabisa, maji kiasi cha kifuniko cha soda, na katikati mstari uliokatika sawasawa. Akaniambia jana maji yalikuwa nusu ya hapo, kwa hiyo leo haendi mpaka dumu la yule muuzaji limwagwe lote lioshwe. Mabaharia wake walikuwa wameshakaa tayari botini. Hakuna aliyebisha, mmoja akashuka akaenda kulichukua lile dumu.

Kesho alfajiri kabla ya kung'oa nanga, fanya kama yule mzee, kisha utupigie simu hapa studio utuambie umeona nini kwenye chupa yako. Juma lijalo panapo majaliwa tutazungumzia plagi. Mimi ni fundi wenu wa mashine, nawatakia usiku mwema, na wanaotoka usiku huu, safari njema.